Duka la Dada

3 Februari

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, ila Baba na ubishi wake. Nakuandikia barua kwa sababu simu ya nyumba hii ina masikio mengi. Nikikupigia, Baba ananipokonya, anaanza kukueleza habari za mvua na bei ya mabati, na mimi nabaki na langu moyoni.

Langu lenyewe ni hili: nafanyiwa leza macho. Nimeshapimwa kliniki ya mjini, nimekubaliwa, na siku imepangwa mwisho wa Machi. Naingia na miwani, natoka bila miwani. Sababu unaijua. Baba ametamka na harudi nyuma, kwamba siku nitakayosimama mbele yake bila miwani ndiyo siku atakayonivalisha kofia ya kuchomelea. Mpaka hapo kazi yangu karakanani ni kushika chuma kisitikisike, kupaka rangi, na kuwabembeleza wateja waliochelewa kupewa mageti yao. Anasema moto ulikula macho ya Babu, ukaja ukala ya kwake, na macho yaliyoanza maisha na miwani utayamaliza hata chai haijapoa.

Na si kwamba kazi siijui. Akitoka kwenda kununua vijiti vya kuchomelea, nachomelea vipande chakavu kule nyuma, halafu nafukia ushahidi kwenye pipa la vumbi la chuma. Mshono wangu umenyooka, Shangazi, sijisifu. Wa kwake siku hizi, ngoja nikusimulie uone mwenyewe. Mzee wa duka la dawa pale kona aliagiza kibao cha herufi za chuma. Baba akakata herufi, akazipanga, akazichomelea, hakutaka mtu asogee. Kibao kikapandishwa juu ya mlango, sote tukarudi nyuma kukitazama. DUKA LA DADA. D mahali pa W. Basi ikawa vijana wanaingia mle wakiulizia hao dada wako wapi, na anayetokea ni mzee wa watu na kipara chake. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu kicheko kikanikauka, maana zile herufi zilikuwa kubwa kama sahani, na Baba alikuwa amezitazama moja moja kabla ya kuzishika.

Mzee amekirudisha kibao kirekebishwe. Kimeegemea ukuta. Baba anasema atakishughulikia siku yenye mwanga mzuri, na jua linawaka kila siku.

Niombee heri.

Mwanao, ambaye karibuni hataitwa tena Miwani

*

14 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Nimecheka na huo mlango wa dada peke yangu ofisini, mwenzangu wa meza ya pili akadhani nimeugua. Kaka yangu huyo. Tangu tukiwa wadogo akikosea hakosei kidogo.

Kile kishikio cha kalamu ulichonitumia mwaka jana kipo mezani pangu. Sikukuambia, ila kila mgeni anayekuja hapa maabara ya hospitali nampa akipapase bila kutazama, anionyeshe mshono uko wapi. Hakuna aliyeupata bado. Kwa hiyo usinihubirie kwamba unaijua kazi, mimi ni shahidi wako namba moja.

Sasa nisikilize. Niandikie kila swali walilokuuliza kliniki, na jinsi ulivyojibu, neno kwa neno. Nataka hasa kujua kama walikuuliza habari za macho ya ukoo. Na daktari alipokuwekea kidevu kwenye ile mashine yenye mwanga mwembamba, alisema ameona nini? Nijibu haraka, na usiguswe jicho na mtu yeyote kabla sijakuandikia tena. Sikuzuii kuwa fundi. Nakuomba hilo tu.

Shangazi yako

*

23 Februari

Shangazi,

Umenitia wasiwasi, na wewe si mtu wa kutia watu wasiwasi. Haya, nakupa yote.

Waliniuliza kama nina kisukari, nikasema sina. Kama nina mimba, nikamwangalia muuguzi mpaka akarukia swali linalofuata. Kama ukoo wetu una ugonjwa wa macho, nikasema hakuna. Na kweli hakuna. Babu hakuugua, wala Baba hajaugua, wameumia kazini. Kwetu tunaziita cheche, wewe unajua, hata jirani akiuliza Baba vipi macho tunamjibu ana cheche. Nisingeweza kwenda kumwambia daktari kuwa ajali ya kazini ni ugonjwa wa ukoo, angeniona mjinga.

Kwenye mashine daktari alinitazama jicho moja, kisha la pili. Akasema naona vidoa vyeupe vichache, kama makombo ya mkate, unafanya kazi gani? Nikamwambia nimezaliwa na kukulia karakana ya kuchomelea. Akasema ahaa, basi ni makovu ya cheche za zamani, hayazuii kitu. Akaandika, akaendelea.

Unajua nilivyojisikia? Nilifurahi. Nilitoka pale natembea kifua mbele. Nina cheche kama Babu, na kofia yenyewe sijapewa.

Mwanao

*

4 Machi

Mwanangu,

Hakuna cheche.

Nimeanza na hilo ili hata ukiichoka barua hii katikati uwe umelipata. Nimesoma maelezo yako nimesimama, na nilipofika kwenye makombo ya mkate nilikaa. Hayo si makovu. Cheche ya chuma huacha alama pale ilipotua, moja hapa, nyingine kule, na jicho moja huumia kuliko lingine. Makombo ya watu wetu yapo macho yote mawili, yanakaa katikati, na yanaongezeka mtu akiwa amelala kitandani kwake, mbali na moto wowote.

Nikueleze kwa lugha ya karakana. Mbele kabisa ya jicho kuna kioo, kinaitwa konea. Seli zake hutengeneza protini moja ambayo kazi yake ni kushikanisha nyuzi za kioo hicho. Konea ikijeruhiwa, seli huitoa kwa wingi, zinaziba pale palipopasuka, na kiraka chenyewe kinabaki angavu, unaona kupitia humo humo. Hebu fikiria mshono unaopitisha mwanga. Nimeitazama kazi hiyo miaka yote niliyokaa hapa na mpaka leo naivulia kofia.

Protini hiyo inatengenezwa kwa kufuata maelekezo ya jeni. Jeni imeandikwa kwa herufi nne tu, A, C, G na T, na kila neno lake lina herufi tatu. Katika jeni ninayoisema, neno la mia na ishirini na nne linatakiwa kuwa C-G-C. Kuna watu ambao kwao limeandikwa C-A-C. Herufi moja. Mengine yote yako sawa, jina sawa, mlango sawa, rangi sawa, ila pale pa W pamekaa D, na wanaoingia dukani wanakuja kwa shughuli nyingine. Protini yenye kosa hilo haikai inavyotakiwa. Inashikana yenyewe kwa yenyewe, inaganda, inabaki vipande vyeupe. Unayajua mavi ya chuma yanayobaki juu ya mshono usipoyagonga. Ndiyo hayo, na ndani ya jicho huwezi kuingiza nyundo.

Sasa leza. Leza ya kuondoa miwani inachonga konea, na kuchonga ni kujeruhi. Kwa mtu mwingine seli zinaziba, mambo yanakwisha. Kwa mwenye C-A-C zinaziba kwa kitu kibovu, kingi, katikati ya macho yote mawili. Makombo ambayo yangengoja akae na wajukuu yanamkuta bado kijana. Namjua mwalimu mmoja, umri kama wako, alifanyiwa hivyo bila mtu kujua. Leo anawatambua wanafunzi wake kwa sauti.

Humu nimefunga vijiti vya pamba na vichupa. Sugua ndani ya shavu lako, cha pili msugue Baba. Andika jina kwenye kila kichupa, usije ukanichanganyia. Mtoto wa mwenye kosa hili analipata au analikosa, nusu kwa nusu, kwa hiyo bado unaweza kuwa salama. Lakini leza uiahirishe.

Shangazi yako

*

15 Machi

Shangazi,

Vijiti hivyo hapo. Baba aligoma. Alisema yeye ana kazi, hana ugonjwa, na mtu hapimwi shavu kwa jambo la jicho. Nikamwambia ni dada yako anaomba. Akafungua mdomo kama mtoto anayepewa dawa, na kijiti kilipotoka akaniagiza nikuulize kama unakula vizuri.

Namsomea barua zako, unajua tena. Hii ya mwisho nilimsomea mwanzo na salamu, katikati nikaitia mfukoni. Nimeisoma mwenyewe mara nyingi. Sijawahi kuona mtu akieleza kitu kigumu hivyo nikakielewa nikiwa nimeshika brashi ya rangi. Nakuheshimu, Shangazi, na ninayoandika sasa yananiuma mkono.

Sikubaliani na wewe. Kama hili jambo lingekuwa la damu, wewe ungekuwa nalo. Baba mmoja, mama mmoja. Babu alisimama mbele ya moto, akaumia. Baba akasimama, akaumia. Wewe hukusimama, ukapelekwa shule, na macho yako ni mazima. Baba anamwambia hilo kila mteja anayekaa kwenye benchi. Nilimwokoa mdogo wangu, anasema, macho yake yanaona mpaka vitu ambavyo havionekani. Ni kitu pekee ambacho Baba hujisifia. Sasa ushahidi gani zaidi nautaka, na ushahidi wenyewe ni wewe?

Najua unanipenda na unaogopa. Lakini nikiahirisha, foleni inaanza upya hadi mwakani, na Baba hana mwaka. Juzi alijaribu kuwasha mashine akiwa amegeukia ukuta. Karakana ikifungwa hakuna atakayeifungua. Nakwenda Jumatatu ya mwisho wa mwezi kama ilivyopangwa. Tafadhali usinikasirikie.

Mwanao

*

22 Machi

Mwanangu,

Hii nimempa dereva wa gari la dawa la hospitali, ameapa kukuletea mkononi. Simu nimepiga, anapokea Baba, ananipa habari za mvua. Karatasi hii ya kwanza msomee akikuuliza. Ya pili ni yako peke yako.

Tuko wazima. Nakula vizuri. Mwambie ahsante kwa shavu.

(karatasi ya pili)

Ninayo.

Nilikuwa mgeni hapa kazini, mashine mpya ya kutazama macho imefika, fundi anataka jicho la kujaribia. Nikaweka kidevu changu, tunataniana. Akatazama tena. Akamwita fundi wa pili, naye akatazama. Daktari mkuu akaja, akaniuliza kwa upole kama nimewahi kufanya kazi ya chuma. Nikamwambia kaka yangu alinikataza hata kukanyaga mlango wa karakana wakati mashine inawaka. Makombo yalikuwepo macho yote mawili, katikati. Hapo ndipo nilipojua kwamba moto umesingiziwa miaka yote. Kazi yote niliyofanya tangu siku hiyo juu ya jeni hii nimeifanya nikiwa na kichupa changu mwenyewe kwenye jokofu.

Vya kwenu nimevisoma jana, nikavirudia leo asubuhi. Baba C-A-C. Mimi C-A-C. Na wewe, mwanangu, C-A-C. Nimekaa na hilo jibu lako mkononi nikatamani liwe la mtu mwingine.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Babu alipoanza kupapasa ukuta, nyumba ilihitaji mtu mmoja wa kusimama karakanani. Mimi nilikuwa na mkono mzuri kuliko kaka yangu, Babu mwenyewe alisema. Kaka alikuwa wa kwanza darasani. Akatoka shuleni kwa hiari yake, akasema moto usile macho ya mtoto wa kike, yeye atasimama. Alichana kitambaa cha sare yake akakifanya cha kufutia mikono. Mwanangu, sijakutana na mtu mkubwa kuliko yule, na nimekaa na maprofesa. Ningemwambiaje kwamba moto haukuwa na shida na mimi? Kwamba alitoa shule yake kuniokoa na kitu nilichozaliwa nacho? Nikaona bora anisifie macho kwenye benchi lake.

Sasa lazima nichague kati ya fahari yake na macho yako. Hata sikufikiria mara mbili.

Usiende. Vaa miwani yako mpaka uzeeni. Na kuchomelea unaweza, sikia vizuri, unaweza. Moto haukuwapa ugonjwa huu. Ila jeraha lolote la konea huamsha makombo, ndiyo maana ya Babu na Baba yametangulia yangu, kwa hiyo ngao usoni kila mara, hata kwa doa dogo la kuunganisha, hata ukikata chuma kwa grenda. Baba naye apelekwe kwa daktari wa konea. Kuna kukwangua, kuna kupandikiza konea nyingine, na ingawa makombo hurudi baada ya miaka, miaka hiyo anaiona.

Usimsomee hii. Nitatafuta namna ya kumwambia mwenyewe.

Shangazi yako

*

2 Aprili

Shangazi,

Sikwenda. Dereva wako alinikuta Jumapili nafunga begi. Nilisoma nimesimama katikati ya chumba na soksi mkononi, na nikakaa hapo hapo sakafuni. Nililia, sitakuficha, kwanza kwa ajili yangu halafu kwa ajili yako. Kliniki niliwapigia nikawaambia ukoo wetu una ugonjwa wa macho. Ilikuwa mara ya kwanza sentensi hiyo kusemwa na mtu wa nyumba yetu.

Kuhusu kumsomea Baba, nisamehe. Nilimsomea karatasi ya kwanza jinsi ulivyoagiza. Aliposikia unakula vizuri akafurahi. Halafu akasema nimesikia karatasi mbili zikifunguliwa, soma ya pili. Nikamwambia ya pili ni mambo ya wanawake. Akasema mambo ya wanawake hayamfanyi mtu aghairi safari aliyoipigania miezi. Macho yake yamechoka lakini hayo masikio, Shangazi, tusidanganyane. Nikasoma. Nilipofika pa sare ya shule sauti iliniishia, akaningoja mpaka ikarudi.

Aliniomba nirudie pale pa mashine mpya, ulipoweka kidevu. Kisha akaondoka, akaenda kukaa karakanani, mikono magotini, mbele ya kile kibao. Nilikaa naye. Baadaye sana akasema, "Kumbe sikumwokoa."

Nilikuwa na hasira, sijui na nani. Nikamwambia, "Baba, usingempeleka shule, mimi wiki hii ningekuwa nimeshachongwa macho. Macho uliyoyaokoa ni haya."

Alinivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati lake, polepole, kioo kimoja halafu cha pili, akanirudishia puani yeye mwenyewe. Akainuka, akatoa kofia ya Babu kwenye msumari, akanivalisha juu ya miwani. Ilikuwa imelegea, akakaza mkanda. Akasema haya, sogeza hicho kibao.

Nimeikata ile D kwa grenda, ngao usoni, usiogope. Nimechomelea W. Miwani ilifanya ukungu nikasimama mara kadhaa, na kila nikisimama Baba alijua bila kutazama, ananyoosha mkono nimpe aifute. Nilipomaliza akapitisha kidole pale penye W. Kikaenda, kikarudi, kikaenda. Akaniuliza mshono uko wapi.

Mzee wa dawa amefurahi, ingawa anasema wateja wamepungua.

Jumatano nampeleka Baba kwa daktari wa konea. Amekubali kwa sharti kwamba nikuandikie maneno yake kama yalivyo, bila kuyapiga msasa. Haya hapa.

Miwani, fundi

*

Tarehe hiyo hiyo

Mdogo wangu,

Nasema mimi, binti anaandika. Nimemwambia asiongeze chumvi.

Nimesomewa. Umekaa na jambo hilo peke yako muda mrefu ili mimi nijisikie vizuri kwenye benchi. Hukufanya vizuri, lakini najua ulikotoa tabia hiyo, ni kwangu.

Nilikuwa nawaambia watu mdogo wangu ana macho mazima kwa ajili yangu. Nimeacha. Jana alikuja mteja wa geti, nikamwambia dada yangu anasoma herufi zilizo ndani ya damu, na alikuta yangu imekosewa, na yake, na ya mtoto, akamwahi mtoto. Geti lenyewe nikasahau kupima.

Shule sijutii. Nilikuwa wa kwanza darasani, kweli, lakini ile akili yako mimi sikuwa nayo. Ningekuwa nimekaa tu pale nikisifiwa.

Mzigo ulioletewa pamoja na barua hii ni ile D. Binti alitaka kuitupa kwenye pipa, nikamzuia. Ichomelee, au waambie waibandike, kwenye mlango wa hapo unapofanyia kazi. Wakikuuliza ya nini, waambie hili ni duka la dada, na aliyekosea herufi ni kaka yake.

Kaka yako